Kwa Nini Simu ya Ofisi Hudai Tisa Kwanza?

Ndugu msomaji, pengine umewahi kufika ofisi ya wilaya, au hospitali, au ofisi ya chama kikuu cha ushirika. Ukaomba kupiga simu ya mezani. Karani akakuambia, "Bonyeza tisa kwanza, ukisikia mlio ndipo uandike namba yako." Ukashangaa. Simu yako ya mkononi haidai tisa. Unabonyeza namba ya mwenzako na anapokea. Sasa hiyo tisa ni ya nini?

Jambo hili laonekana dogo, tena la mjini. Lakini ofisi hizo ni zetu. Bili ya simu ya chama cha ushirika inalipwa na mkulima. Na siku ya hatari, namba moja iliyopangwa vibaya inaweza kuleta hasara kubwa.

Simu ya mlinzi

Tulipata kutembelea chama kimoja cha ushirika katika mikoa ya pamba. Jina lake hatulitaji. Tulimkuta mlinzi wa ghala, mzee wa makamo, amekaa kwenye benchi lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmekuja kuangalia palipoungua?"

Kweli ukuta mmoja wa ghala ulikuwa mweusi. Mzee akatueleza. Usiku mmoja aliona moshi unatoka kwenye marobota. Simu yake ya mkononi haikuwa na chaji. Akakimbilia simu ya mezani iliyo kibandani pake. Akabonyeza 114, namba ya Zimamoto, kama alivyofundishwa.

"Ikalia tu-tu-tu," alisema. "Nikapiga tena. Tu-tu-tu. Mara ya tatu nikajua imekufa. Nikaitupa, nikakimbia mpaka kwa jirani mwenye duka."

Simu haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa ikingoja tisa. Mzee hakuambiwa habari ya tisa kwa sababu kazi yake haikuwa kupiga simu nje. Siku zote alipiga ofisini tu, kusema lori limefika. Moto ulizimwa, ila baada ya marobota kadhaa kuteketea.

Vyumba vingi, milango michache

Tuanze na mtambo wenyewe. Ofisi yenye vyumba 20 haiwezi kulipia laini 20 za simu. Gharama itakuwa kubwa, na laini nyingi zitalala bure. Kwa hiyo ofisi huweka mtambo mmoja katikati. Zamani ulikuwa kabati kubwa lililojaa waya. Siku hizi unaweza kuwa kijisanduku cha ukubwa wa redio, au hata programu ndani ya kompyuta.

Kila meza inapata simu iliyofungwa kwenye mtambo huo. Hizi ndizo simu za ndani. Kila moja ina namba fupi, kwa mfano 305. Mhasibu akimtaka mtunza ghala, anabonyeza namba yake fupi, wanazungumza, hakuna malipo kwa kampuni ya simu. Kisha mtambo una laini chache za kwenda nje, tuseme nne. Watu 20 wanagawana laini nne, kama watu wa nyumba kubwa wanavyotumia mlango mmoja wa uani.

Sasa mtambo utajuaje kwamba mtu anataka kutoka nje, wala hataki chumba cha jirani? Hapo ndipo ilipozaliwa tisa. Tisa ni kama kubisha mlango: "Nifungulie, natoka." Mtambo ukiisikia tisa unashika laini moja ya nje na kukupa mlio. Tisa yenyewe haiendi popote. Mtambo unaimenya kama ganda la hindi, na namba inayobaki ndiyo inayopelekwa.

Orodha ya amri zote hizo, yaani namba gani ni ya ndani, ipi ni ya kutokea, ipi imekatazwa, ipi imenywe nini, inaitwa mpango wa namba za kupiga. Fundi huuandika ndani ya mtambo. Lakini mwenye kuamua iweje si fundi. Ni wenye ofisi. Hapa ndipo vyama vingi vinapokosea. Wanamwachia fundi kila kitu, naye anaweka mpango aliouzoea kwingine, anachukua malipo yake na kuondoka.

Aliyechoka na opereta

Hebu turudi nyuma kidogo. Wazee wetu wanakumbuka simu ya kukoroga. Unakoroga mkono wa simu, opereta anaitika posta, unamwambia unamtaka nani, naye anachomeka waya. Usipomwona opereta, huna simu. Na opereta akitaka, anasikia yote mnayosema!

Huko Marekani, katika mji wa Kansas City, alikuwako bwana mmoja jina lake Almon Strowger. Kazi yake ilikuwa kuzika watu kwa malipo. Inasimuliwa kwamba wateja walipopiga simu kumtafuta yeye, opereta aliwapeleka kwa mzishi mwingine, mshindani wake, ambaye eti alikuwa mume wa opereta huyo. Strowger akakasirika. Akabuni mtambo unaounganisha simu wenyewe, bila opereta. Mwaka 1891 alipata hati ya uvumbuzi wake, na mwaka 1892 mtambo wa namna hiyo ulianza kazi katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana.

Mtambo huo ulihesabu mapigo ya umeme. Tarakimu 1 ilikuwa pigo moja, 9 mapigo tisa, na 0 mapigo kumi. Tatizo ni kwamba pigo moja linaweza kuja kwa bahati mbaya, waya mbili zikigusana kwa upepo. Kwa hiyo 1 haikufaa kuwa namba ya kutokea nje au ya kuombea msaada. Uingereza ilipoanzisha namba ya dharura mjini London mwaka 1937 ilichagua 999. Ofisi nyingi za Uingereza na Marekani zikazoea 9 kuwa mlango wa nje. Nchi nyingi za Ulaya zikazoea 0. Mitambo ya leo haihesabu mapigo tena, ila mazoea yamebaki.

Mtambo husoma kama mwanafunzi wa kisomo

Msomaji, kumbuka siku za mwanzo darasani. Mwalimu aliandika "ka" ubaoni, akanyamaza. Ulijuaje neno analotaka? Huenda ni "kazi". Huenda ni "kata". Huenda ni "kanisa". Ulilazimika kungoja silabi ya pili.

Mtambo wa simu ni vivyo hivyo. Unapokea tarakimu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Kwa kila tarakimu unajiuliza: namba imekwisha, au bado? Tuseme fundi amempa katibu namba 30, na mtunza ghala namba 305. Ukibonyeza 3 halafu 0, mtambo ufanye nini? Umwite katibu, au ungoje 5? Ukiita upesi, mtunza ghala hatapatikana kamwe. Ukingoja, kila anayemtaka katibu atakaa kimya sekunde kadhaa akidhani simu mbovu.

Basi kanuni kubwa ya kazi hii ni moja. Namba kamili ya mtu mmoja isiwe mwanzo wa namba ya mtu mwingine. Ukiivunja, lazima mtu mmoja asubiri au mwingine akose.

Tukae na kupanga

Haya, tuchukue chama chetu chenye simu 20 tuone kazi ilivyo. Kwanza tuandike namba zote ambazo watu watazipiga nje.

Hapa Tanzania namba ya simu ukiipiga kamili ina tarakimu 10 na inaanza na 0. Za mkononi zinaanza na 06 au 07. Za mezani zinaanza na namba ya eneo: 022 ni Dar es Salaam, 024 ni Zanzibar, 026 ni Dodoma na mikoa mingine ya kati, 028 ni Mwanza na mikoa ya jirani. Hili ni jambo zuri kwa mtambo, kwa sababu ukihesabu tarakimu kumi unajua imekwisha, unapiga mara moja.

Za nchi za nje ni tabu kidogo. Simu ya mezani hapa kwetu hubonyezwa 000, kisha namba ya nchi, kwa mfano 243 ya Congo. Lakini urefu wa namba za nchi za nje haulingani. Mtambo hauna budi kungoja sekunde chache baada ya tarakimu ya mwisho, au mpigaji abonyeze kitufe cha alama ya reli, #, kusema "nimemaliza".

Halafu kuna namba fupi za hatari na msaada: 112 ya Polisi, 114 ya Zimamoto, 116 ya kumsaidia mtoto anayeteswa. Angalieni, zote zinaanza na 11.

Sasa tuwape watu wetu namba za ndani. Tuanze na 1? Hapana. Tukimpa karani namba 112 tumeifukia Polisi. Hata 11 peke yake haifai, kwa kanuni ile ile. Tuanze na 2? Hapo pana mtego usioonekana haraka. Namba za simu za mezani katika mikoa yetu, ukiondoa namba ya eneo, huanza na 2. Zamani mtu wa Mwanza akimpigia mtu wa Mwanza mwenye simu ya mezani aliandika tarakimu saba tu, zinazoanza na 2. Wazee wa ofisi bado wana mkono huo. Atabonyeza saba zake, na mtambo utakamata tatu za kwanza na kumwamsha mtunza stoo.

Kwa hiyo tunachukua 3 na 4. Ofisi zote ziwe 300 mpaka 399. Ghala, mizani, lango na karakana ziwe 400 mpaka 499. Simu ni 20 tu, lakini chama kikikua hatubomoi nyumba, tunaongeza vyumba. Mapokezi tunayapa 300, namba rahisi kukumbuka.

Tisa au sifuri?

Mlango wa nje tuupe namba gani? Wengine huweka 0. Sisi tunasema ni kosa kwa nchi hii, na sababu ni hii. Mkono wa kila Mtanzania umezoea simu ya mkononi. Akishika simu ya ofisi anabonyeza 07 na zinazofuata, bila kufikiri. Mtambo unaichukua ile 0 ya kwanza kuwa ni hodi ya mlango, unaimenya, na kupeleka 7 na zilizobaki. Kampuni ya simu inapokea tarakimu tisa zisizo na kichwa, inazikataa. Ilitakiwa abonyeze sifuri mbili. Nani atakumbuka?

Tisa ni afadhali, kwani hakuna namba ya watu wetu inayoanza na 9. Lakini mitambo ya leo ina uwezo zaidi. Unaweza kuiambia: "Ukiona 0 na tarakimu tisa baadaye, hiyo ni ya nje, ipeleke bila kudai tisa." Kwa kuwa namba zetu za ndani zinaanza na 3 na 4, hakuna kugongana. Ukitoa tisa, sawa. Usipoitoa, sawa vile vile. Tungekuwa sisi ndio wenye ofisi, tungefanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna faida nyingine. Mkulima akipiga ofisini na kukosa mtu, namba yake hubaki kwenye kioo cha simu, bila tisa mbele. Karani akibonyeza ili ampigie, kwa mpango wa zamani simu haiendi. Kwa mpango huu inakwenda. Fundi aambiwe pia kwamba namba ikionekana na +255, mtambo uitoe hiyo na kuweka 0.

Siku ya hatari

Sasa turudi kwa mzee wetu na 114 yake.

Tarehe 1 Desemba 2013, katika mji wa Marshall, jimbo la Texas, Marekani, mama mmojawapo aliyeitwa Kari Hunt alishambuliwa na mumewe waliyekuwa wametengana, katika chumba cha hoteli. Binti yake wa miaka tisa alikuwapo. Mtoto alifanya alivyofundishwa. Alishika simu ya chumbani akapiga 911, ambayo ni namba ya hatari ya Marekani. Haikwenda. Akapiga mara nne. Simu ile ilidai tisa ya kutokea kwanza. Mtoto angejuaje? Mama yake akafa.

Baba yake Kari, mzee Hank Hunt, hakukaa kimya. Alizunguka na kudai sheria ibadilishwe. Februari 16, 2018 sheria iliyopewa jina la Kari ilitiwa sahihi. Inasema mitambo ya simu ya ofisi na hoteli inayowekwa tangu Februari 16, 2020 ni lazima ipeleke 911 moja kwa moja, bila tisa, na kwamba mtu wa mapokezi apate taarifa papo hapo kwamba kuna simu ya hatari imepigwa kutoka jengo lake.

Sheria ile ni ya kwao. Lakini kufanya hivyo hapa kwetu hakuhitaji kungoja sheria, wala hakuna gharama. Fundi anaandika mstari mmoja tu: namba za 11 zitoke nje mara moja, kutoka simu yoyote, hata ya mlinzi, hata iliyofungiwa. Aandike na wa pili: mtu akibonyeza 9 halafu 112, nayo iende, maana aliyezoea tisa ataitanguliza kwa hofu. Na wa tatu: simu ya hatari ikipigwa, simu ya mapokezi nayo ilie na kuonyesha ni chumba gani.

Neno moja zaidi hapa. Vyama vingine vina matawi mbali, na simu za matawi zinapita kwenye mtambo wa makao makuu. Tawi likiungua, simu inatokea kwenye laini ya mjini. Zimamoto wataona namba ya mjini. Kwa hiyo simu za hatari za tawi zitokee kwenye laini ya tawi lenyewe. Kama haiwezekani, mpigaji afundishwe kutaja mahali alipo kabla ya kitu kingine.

Nani apige wapi

Sasa habari ya fedha. Si kila simu iruhusiwe kwenda kila mahali. Simu ya lango iende ndani na kwenye namba za hatari. Simu za makarani ziende popote Tanzania. Za 000 ziwe za meneja na mhasibu, tena kwa namba ya siri. Namba za gharama ya juu zinazoanza na 090 zifungwe kwa wote. Katika laini nne, moja iachwe kwa watu wanaopiga kuingia, ili mkulima wa kijijini asikute simu ya chama inatumika toka asubuhi mpaka jioni.

Msidhani mwizi wa simu ni karani anayempigia mchumba wake tu. Huyo anamaliza shilingi elfu chache. Mitambo ya leo mingi imeunganishwa na intaneti, na huko kuna wezi wanaojaribu maneno ya siri usiku na mchana. Wakiingia, wanapiga namba za ng'ambo zenye bei kubwa, na wao wanapata fungu katika bei hiyo. Hupenda kuanza Ijumaa jioni, ofisi ikishafungwa, mpaka Jumatatu. Bili inakuja kwa chama. Kufunga 000 saa za usiku na siku za mapumziko ni kazi ya dakika chache. Na lile neno la siri lililokuja na mtambo kutoka kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo.

Ofisi nyingine huweka laini za mitandao mbalimbali na kumwambia mtambo: namba ikianza hivi, pitia mtandao huu, ni rahisi zaidi. Ni hesabu nzuri. Ila tangu Machi 2017 mtu hapa Tanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile. Kwa hiyo mwanzo wa namba hausemi kweli kila mara. Kabla ya kununua laini nne za namna nne, linganisheni bili za miezi miwili au mitatu. Huenda kifurushi kimoja kinatosha.

Kujaribu kabla ya kulipa

Fundi akisema amemaliza, asilipwe kwanza. Mkae naye na karatasi. Mpige namba moja ya kila aina: ya ndani, ya mkononi, ya mezani ya mkoa mwingine, ya nje kwa simu iliyoruhusiwa, ya nje kwa simu iliyokatazwa. Mpige kwa tisa na bila tisa. Andikeni iliyokwenda na iliyokwama. Kwa namba za hatari, mwarifuni mapema mnaowapigia kwamba mnajaribu, msije mkawatoa kazini bure.

Chama kile tulichokitembelea walifanya hivyo baada ya moto. Katibu alimwita yule mzee, akamwambia, "Mzee wangu, wewe ndiye utakayejaribu. Njoo upige kwa simu ile ile ya kibandani." Mzee akasita kidogo. Akabonyeza moja, moja, nne, akaweka simu sikioni. Alisikiliza, kisha akaligeukia kundi lililosimama mlangoni.

"Wanauliza niko wapi," alisema.